Kabla ya Luano: yanayomalizwa nyumbani na familia inayotumwa ng'ambo

Hapa Lubumbashi, siku ya kuaga familia ya wamisionari ni siku kubwa. Kwaya inaimba, wazee wanaweka mikono, akina mama wa kanisa wanaleta vitenge, na watu wanajaa kwenye basi hadi uwanja wa ndege wa Luano. Sisi tunaoketi kwenye kamati ya utume tumejifunza kujiuliza jambo moja kabla ya siku hiyo: ni nini ambacho familia hii inakiacha mjini bila kukimaliza? Familia inayorudi kabla ya wakati mara chache inarudishwa na baridi au chakula cha ugenini. Inarudishwa na deni la likelemba (mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu), na akte (cheti) ya kuzaliwa yenye jina lililokosewa, na baba mkubwa ambaye hakuulizwa, na ahadi za fedha zilizoegemea mshahara wa mgodi mmoja.

Tunaomba miezi 18, kuanzia siku kanisa linapoukubali wito hadi siku ya ndege. Wengi huja na miezi sita kichwani, kwa kuwa wenyeji wanaowaalika wana haraka. Lakini karatasi zina mwendo wake, chanjo zina hesabu yake, na ukoo hauharakishwi.

Anzeni na majina. Sisi Wakongomani tuna jina, jina la pili na jina la ubatizo, na watoto wa tumbo moja wanaweza wasifanane jina hata kidogo. Wa kwanza amepewa jina la nkambo (babu au bibi) wa upande wa baba, wa pili la mama yake mama, mapacha wanaitwa Kyungu na Kabange. Kwetu kila mtu anaelewa. Kwa afisa wa uhamiaji wa nchi nyingine, watu sita wenye majina sita ni watu sita wasiojuana, na watoto wale anaweza kuwashuku kuwa wameibwa. Kinga ni akte ya kuzaliwa ya kila mtoto, inayotaja baba na mama kwa majina yaleyale, herufi kwa herufi, yaliyo kwenye paspoti zao. Hapo ndipo shida inapojificha. Karani wa komini (ofisi ya serikali ya mtaa) aliandika Muamba, paspoti inasema Mwamba. Huku ni Ngoy, kule ni Ngoie. Herufi moja imeshawahi kusimamisha faili nzima kwa miezi. Kwa hiyo akte zinatangulia, paspoti zinafuata. Familia inayotengeneza paspoti kwanza, halafu ikagundua kosa kwenye akte, hulipa mara mbili.

Mtoto ambaye kuzaliwa kwake hakukutangazwa komini ndani ya siku 90 anahitaji hukumu ya mahakama ndipo apate akte. Wako wengi, hasa waliozaliwa kijijini au wakati baba akiwa safarini. Msimwache hadi mwisho kwa sababu ni mdogo. Mara nyingi yeye ndiye anayewachelewesha wote. Kuhusu ndoa, mbele ya serikali nyingi cheti cha kanisa hakifungui mlango. Kinachotakiwa ni akte ya ndoa ya komini. Wapo wazee wa kanisa waliotoa mahari, wakabarikiwa madhabahuni miaka 20 iliyopita, lakini karatasi ya komini hawana au imepotea. Ni aibu kwao kulisema mbele ya watu. Kamati iulize faraghani, na iulize mapema.

Baada ya hapo ndipo mihuri. Hati itakayotumika nje huthibitishwa na notari, kisha na wizara ya mambo ya nje Kinshasa, kisha na ubalozi wa nchi mnayokwenda. Tafsiri ifanywe pale mihuri inapokamilika, la sivyo mihuri ya mwisho itabaki bila kutafsiriwa na faili itarudishwa. Hati ya rekodi ya jinai iombwe mwisho kabisa, maana balozi nyingi huikataa ikipita miezi mitatu. Tumeona familia zikiitafuta kwanza kwa sababu ni rahisi kuipata, halafu zikaitafuta tena, na tena.

Kinshasa yenyewe ni gharama ambayo watu huisahau. Iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwetu, na kwa familia yenye watoto njia ni ndege. Balozi nyingi ziko huko, na mwombaji hutakiwa kufika mwenyewe kutoa alama za vidole. Kwa viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya) watoto walio chini ya miaka 12 hawatolewi alama za vidole, kwa hiyo ulizeni ubalozi kwa maandishi kama wadogo wanaweza kubaki na shangazi yao Lubumbashi. Jibu moja la barua pepe linaweza kuokoa tiketi tatu.

Aina ya viza isichukuliwe kwa wepesi. Kuna wanaoshauri, "Ingieni kwa viza ya utalii, mengine Mungu atayafungua." Tunalikataa shauri hilo. Mtu hawezi kuhubiri kweli huku amejaza uongo kwenye fomu, na mgeni anayefanya kazi kwa viza ya utalii anaweza kufukuzwa yeye na wanawe usiku mmoja. Nchi kadhaa zina mlango wake kwa watumishi wa dini. Brazili ina viza ya muda kwa shughuli za kidini, Thailand ina viza ya daraja la R. Marekani ina R-1, inayodai mwombaji awe mshiriki wa dhehebu lake kwa miaka miwili angalau kabla ya kuomba, na mke anayekwenda kwa R-2 haruhusiwi kufanya kazi ya mshahara. Neno hilo la mwisho lisomwe mbele ya mama mwenyewe. Mama wa Lubumbashi aliyezoea kuwa na biashara yake, anayelipa minerval (ada ya shule) ya watoto kwa unga na vitenge vyake, anakwenda kuwa mtu wa kungojea pesa ya mume. Akilijua leo atajipanga. Akilijua akiwa kule, nyumba itatikisika. Mmisionari Frederick Stanley Arnot alipofika Bunkeya mwaka 1886, alikaa kwa ruhusa ya mfalme Msiri. Mmisionari amekuwa mgeni wa ruhusa tangu zamani hizo, katika nchi yetu hii hii.

Kabla ya kununua tiketi, angalieni mnapita wapi. Kongo yetu imo kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wanahitaji viza ya kupitia uwanja wa ndege katika nchi za Schengen, hata kama hawatoki nje ya uwanja. Familia inayokwenda Brazili kwa tiketi rahisi kupitia Paris inaweza kuzuiwa kupanda ndege ya kwanza. Addis Ababa ina ndege za moja kwa moja kwenda São Paulo na Bangkok, na kutoka Luano kwenda Addis si shida. Tiketi inaweza kuzidi dola kadhaa, lakini inafika. Wekeni pia pembeni ada ya Go-Pass, ambayo kwa miaka mingi imekuwa dola 50 kwa kila msafiri wa nje. Kwa watu sita hiyo ni dola 300 za siku moja.

Sasa jambo linaloumiza kuliko yote. Katika nyumba zetu nyingi kuna mtoto asiye wa tumbo. Ni mtoto wa marehemu kaka au wa dada aliyebaki kijijini, amelelewa tangu mdogo, anaita baba na mama, anakula sahani moja na wengine. Sheria za nchi za nje hazimjui. Bila hukumu ya mahakama inayompa baba na mama haki juu yake, hapati viza ya familia, na hata akiwa na hukumu hiyo balozi nyingine hukataa. Liangalieni jambo hili mwezi wa kwanza, si wa kumi na saba. Likishindikana, mtoto aambiwe na walezi wenyewe, wakiwa wameketi naye, na pakiwa tayari pamepatikana nyumba atakayokaa, ada ya shule ya miaka yote ya kutokuwepo kwao, na siku ya simu kila wiki. Asilijue siku anapoona masanduku manne badala ya matano. Na iwapo wazazi watasema hawawezi kumwacha, kamati iwasikie. Kubaki kwa ajili ya yatima si kumkatalia Mungu.

Ukoo nao una mkutano wake, na mchungaji hauendeshi. Unaitishwa na baba mkubwa au mjomba, kwa utaratibu wa ukoo husika, pande zote mbili. Watu wa kanisa wanapenda kuuruka, wakiogopa maneno ya mila. Matokeo yake ni simu za usiku miaka mitatu mfululizo. Swali la wazee huwa moja, hata likisemwa kwa njia nyingi: "Mwanangu, siku ya matanga yangu nani atasimama mahali pako?" Lijibuni kwa jina la mtu. Mdogo wenu fulani atasimama, ana mamlaka ya kuongea, na kila mwezi kiasi fulani kinawekwa kwa ajili ya misiba na magonjwa, dola 40 kwa mfano, na kikiisha kimeisha. Iandikwe kwenye daftari, pande zote zitie sahihi. Ahadi ndogo inayotimizwa inaleta amani kuliko "Tutawasaidia" isiyo na namba, kwa sababu katika masikio ya ndugu neno ng'ambo lina maana ya dola. Waelezeni wazi: tunakwenda kuishi kwa sadaka za watu wa hapa hapa. Semeni hivyo mbele ya wote, mkutanoni, pasiwe na atakayesema hakuambiwa.

Na mkiwa hapo, ombeni baraka. Mzee asiyeamini mambo ya kanisa bado ni mzee wenu. Maji aliyonyunyiza na maneno aliyosema yanaweza kuzua mjadala na mchungaji, na kila familia itapima kwa dhamiri yake ni lipi la kupokea. Lakini kuondoka bila kumuaga ni dharau ambayo watoto wenu ndio watakaoilipa siku wakirudi.

Deni la likelemba ni la mama zaidi. Aliyekwisha kupokea zamu yake na bado anadaiwa michango ya wenzake, akipanda ndege ameondoka na pesa ya watu. Kuna njia mbili safi: kumaliza mzunguko, au kumkabidhi kiti mtu mwingine mbele ya kundi zima. Usijiunge na mzunguko mpya ndani ya mwaka wa mwisho. Madeni mengine ya familia yaorodheshwe pia, hata ya duka la mtaani. Kamati ione orodha hiyo. Jina la Kristo limeshasemwa vibaya mtaani kwa magunia mawili ya unga yaliyobaki bila kulipwa.

Nyumba isiachwe kwa "ndugu atakaa tu." Parseli (kiwanja) isiyo na mwenyewe karibu huvutia macho, na ndugu aliyekaa miaka minne bure hujiona mwenye haki. Andikeni prokurasio (hati ya uwakilishi) kwa notari, ikisema anayesimamia anaweza kufanya nini (kupokea kodi, kutengeneza paa, kulipa maji na umeme) na kwamba hawezi kuuza wala kugawa. Cheti cha usajili wa parseli kibaki mahali salama pa kanisa au benki, nakala moja iende nanyi, nakala nyingine ibaki kwa mtu ambaye si yule anayekaa ndani. Mabati yakaguliwe kabla ya mwezi wa 11, mvua zinapoanza.

Fedha tunazigawa mafungu matatu, na hayachanganywi: ya kwenda, ya kuishi, na ya kurudi. Fungu la kurudi ndilo linalodharauliwa, na sisi ndilo tunalolijaza kwanza. Ni tiketi za familia nzima pamoja na matumizi ya miezi mitatu, kwenye akaunti inayofunguliwa kwa sahihi mbili za kamati. Vita, ugonjwa, msiba wa mzazi, viza isiyoongezwa: siku hiyo hakuna muda wa kupitisha sahani kanisani.

Fungu la kuishi linajengwa na watu wengi wenye kidogo. Tuchukue familia ya watoto watatu inayohitaji dola 1,500 kwa mwezi. Watu 120 wa dola 5 wanatoa 600, watu 30 wa dola 20 wanatoa 600 nyingine, kanisa linaongeza 300. Kwenye karatasi hesabu imetimia. Kwa kweli haijatimia, kwa kuwa ahadi husinyaa. Kila dola 100 zilizoahidiwa sisi tunazihesabu kama 70, na familia haiondoki hadi ahadi zimelipwa kweli miezi mitatu mfululizo ikiwa bado hapa. Hatua hiyo huudhi watu, lakini inaonyesha nani atadumu.

Angalieni pia wachangiaji wanakula wapi. Katika Katanga yetu ni rahisi kupata watu 40 wanaolipwa na migodi, na ni hatari. Mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, iliagana na wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika mpango wa kuondoka kwa hiari, na makanisa ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi yaliona sadaka zikikauka. Februari 2025 serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi, na mengi yaliyotegemea kobalti yakasimama nayo. Kwa hiyo changanyeni: walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa soko, mafundi, ndugu walio Kinshasa na Zambia. Asiwepo mtu mmoja anayebeba zaidi ya sehemu ya kumi. Pesa ndogo zinakuja kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, kwa hiyo laini ya kupokelea iandikishwe kwa jina la kanisa na isiwe simu ya mweka hazina mwenyewe. Kutuma nje kwa benki kuna ada kila mara, kubwa au ndogo. Kutuma mara moja kwa miezi mitatu kunapunguza hasara, mradi familia ianze ikiwa na akiba ya robo mwaka mkononi.

Kanisani mtasikia mnong'ono: "Hawa wanakimbilia Bulaya (Ulaya), wamevaa tu koti la utume." Unauma, na si kila mara ni uongo. Vijana wengi wanatafuta njia ya kutoka, na wachache wametumia barua ya kanisa kupitia. Wenye wito wasikasirike. Wajibu kwa matendo yanayopimika. Muda wa kwanza uandikwe, miaka mitatu au minne, na mwezi wa kurudi utajwe. Fungu la kurudi litangazwe kanisani kwamba lipo. Mahali pa kwenda pachaguliwe na kanisa pamoja na familia, kwa kuangalia haja ya huko. Ikiwa ni mji wenye Wakongomani wengi, swali liulizwe waziwazi: mnatumwa kwa wenyeji, au mnakwenda kuongeza kanisa moja zaidi la Wakongomani wanaoimbiana? Kazi ya pili si mbaya, lakini ina jina lake, na wachangiaji wana haki kulijua.

Lugha haingoji kufika. Familia inayokwenda Madagaska ina furaha ndogo ya kuanzia: ng'ombe kwa Kimalagasi ni omby, kuku ni akoho, mbwa ni amboa, maneno yaliyovuka bahari kutoka pwani yetu ya Kibantu. Baada ya hapo lugha ni ngeni kabisa, na Kifaransa kitawasaidia ofisini zaidi kuliko sokoni. Wanaokwenda Thailand wanakuta lugha yenye toni tano, ambapo neno lilelile likipanda au likishuka linabadilika maana. Kiswahili hakina toni. Lakini aliyekua akisema Kiluba au Kibemba nyumbani ana sikio la toni tayari, na mara nyingi hajui kwamba analo. Mwambieni. Tumeona watu waliojidharau kwa kutojua Kiingereza wakishika toni haraka kuliko wenzao wenye digrii. Kila siku jifunzeni sentensi tatu kwa sauti ya msemaji halisi iliyorekodiwa kwenye simu, mzirudie hadi mdomo uzoee, kabla ya kugusa maandishi. Na baba na mama wapewe saa sawa. Nyumba ambayo baba ana mwalimu na mama ana jiko huzalisha mmisionari mmoja na mfungwa mmoja.

Watoto. Msiwaondoe katikati ya mwaka wa mtihani. Aliye darasa la sita la msingi amalize na achukue cheti chake. Aliye mwaka wa mwisho wa humanités (sekondari) akae hadi Diploma ya Serikali ipatikane, hata ikibidi aishi na familia ya kanisa mwaka mzima. Buletini (ripoti za shule) za miaka yote zikusanywe zikiwa na mihuri, kwa sababu shule ya huko itaziomba na ya hapa haitazijibu kwa simu. Kama hakuna shule ya Kifaransa mnakokwenda, CNED ya Ufaransa inafundisha kwa mbali, lakini inadai mzazi wa kusimamia karibu kila asubuhi; huyo ni mtu mmoja aliyetolewa kwenye kazi ya utume, naye ahesabiwe hivyo kwenye mpango. Kiswahili kiendelee mezani. Mtoto anayekisahau anarudi mgeni kwa nkambo wake.

Aliyetimiza miaka 12 au 13 aulizwe peke yake, na mtu asiye mzazi wake. Asitumiwe kama ushuhuda jukwaani. Hasira yake isiitwe pepo. Mpeni nafasi ya kuaga rafiki zake, timu yake, mbwa wake, na msimwambie "tutarudi karibuni" ikiwa ni miaka minne.

Afya ianze miezi minane kabla, kwa sababu ya hesabu ya chanjo. Homa ya ini aina ya B ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Homa ya manjano ni sindano moja; kadi yake huanza kufanya kazi baada ya siku 10, na tangu Julai 2016 inadumu maisha yote, kwa hiyo asiwepo wa kuwalipisha tena eti miaka 10 imepita. Polio inasahauliwa na watu wazima: anayetoka Kongo anaweza kutakiwa awe na dozi aliyoipata kati ya wiki nne na miezi 12 kabla ya safari, na iandikwe kwenye kadi ileile ya kimataifa. Jina kwenye kadi lifanane na paspoti. Tumekwisha kusema juu ya majina.

Kila mmoja apimwe damu kwa elektroforesi kabla ya kuchagua nchi. Mtoto mwenye SS (selimundu) akipelekwa kwenye baridi kali, au akikaa saa nyingi kwenye ndege bila kunywa maji, anaweza kupata maumivu makali, na pengine mahali hapo daktari hajawahi kuona ugonjwa huo. Wapo wazazi wasiotaka kujua. Katika jambo hili kamati isibembeleze. Picha ya kifua nayo ipigwe mapema: ikiwa kuna kifua kikuu, tiba yake ni miezi sita, na nchi nyingi hazitoi viza ya muda mrefu kabla haijaisha.

Mizigo haihitaji maneno mengi. Mashirika mengi huhesabu sanduku kwa kilo 23, na mizani ya nyumbani ni rahisi kuliko faini ya uwanjani. Nyama na vitu vya maziwa havipiti Ulaya; Australia na New Zealand hukagua hata mbegu. Sombe (majani ya muhogo) mtaikosa. Mwiko wa bukari (ugali) uende, hauna kilo. Hati zote ziwe kwenye mfuko mmoja mkononi mwa mama, picha zake zikiwa kwenye simu mbili na kwa katibu wa kamati.

Limebaki la malaria, na lina pande mbili. Mkifika nchi isiyo na malaria, mtoto akishikwa na homa katika miezi ya kwanza, daktari wa huko atafikiria mafua. Msingoje aulize. Semeni mlangoni: "Tumetoka Kongo, pimeni malaria leo." Jifunzeni sentensi hiyo kwa lugha ya nchi ile kabla ya salamu za pili, iandikeni pia kwenye karatasi ndani ya kadi ya chanjo, kwa sababu malaria ya kwetu inaweza kuua mtoto ndani ya siku chache. Upande wa pili unakuja na likizo. Mtu mzima aliyekulia hapa mwili wake umezoea kupigana na malaria, lakini kinga hiyo hupungua akikaa miaka bila kuumwa, na mtoto aliyezaliwa kule hana kabisa. Wanarudi wakisema hapa ni nyumbani, wanakataa chandarua kwa nkambo kwa sababu ya joto, na wiki ya pili wako hospitali. Dawa ya kuzuia ianzwe kabla ya kupanda ndege ya kurudi, kwa ushauri wa daktari wa huko, na kamati iwe imefunga vyandarua kwenye nyumba ya kufikia kabla ndege haijatua Luano.